Nyumba Aliyotutafutia Yaya

Mtu aliyetutafutia nyumba ile ya Malvern, hapa Johannesburg, nilimwita Yaya. Kwetu Uvira, upande wa Kongo, yaya ni dada mkubwa. Jirani yangu Mtanzania alicheka sana aliponisikia mara ya kwanza, kwa sababu kwao yaya ni mlezi wa watoto, akadhani nimemwajiri. Hatukuzaliwa tumbo moja, mimi na yeye. Mama yake na mama yangu waliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika soko moja, basi. Lakini nilipofika Johannesburg, msichana nisiyejua hata Kiingereza cha kuombea maji, yeye ndiye aliyenifungulia mlango wa chumba chake Joubert Park. Akanipa nusu ya godoro, na kwa muda mrefu tulilala tumegeuziana migongo tukisikiliza ving'ora vya polisi huko chini barabarani.

Alinifundisha mji. Alinionyesha namna ya kubeba mkoba kwa mbele, na kidole gani cha kuinua ili teksi inayokwenda katikati ya mji isimame. Bwana yangu alipokuja kuniposa, ndugu zangu wote walikuwa mbali, kwa hiyo Yaya ndiye aliyekaa kwenye kiti cha ukoo wangu. Alijadili mahari kwa sauti ya juu kama shangazi wa kweli, mpaka bwana yangu akalowa jasho. Binti yangu alipozaliwa, mikono ya kwanza kumwogesha pale nyumbani ilikuwa ya Yaya.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba sikumwamini kijinga. Nilikuwa na sababu, na zilikuwa nyingi.

Wakati huo Yaya alikuwa akisuka nywele. Baadaye akaanza kusoma jioni, akafanya mitihani, akapata leseni ya udalali wa nyumba, ofisi moja ya upande wa mashariki ya mji ikamchukua. Mara tukaanza kuiona sura yake kwenye mbao zilizofungwa kwa waya kwenye uzio wa nyumba zinazouzwa: Yaya, na koti la buluu, anatabasamu. Wanawake wa kanisani kwetu walikuwa wakisimama kando ya Jules Street kupiga picha mbele ya ubao wake na kuzituma Bukavu na Lubumbashi. Mmoja wetu amefika, ndivyo tulivyoona.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda cha kushonea kwenye Jules Street, kati ya spaza, kiduka cha mtaani, na duka la betri za magari. Bwana yangu ni mlinzi kwenye jengo la ofisi huko Randburg. Tulikuwa bado tunapanga Joubert Park, ghorofa ya juu kabisa, lifti imekufa siku nyingi, na maji tunapandisha kwa ndoo. Tulipopata ukaaji wa kudumu, na benki ikasema iko tayari kutukopesha, sikufikiria hata dakika moja ni dalali gani nimwendee.

"Hatimaye!" Yaya alipiga kelele kwenye simu. "Mudogo wangu, niachie mimi. Usiongee na mtu mwingine."

Alituonyesha nyumba kadhaa ambazo hazikutufaa, kisha akatupeleka kwenye ile. Nyumba ya zamani ya matofali, paa la bati jekundu, baraza mbele lenye nguzo mbili fupi, na nyuma kuna mti wa ndimu. Mwenyewe alikuwa bibi mjane wa Kizulu, nesi mstaafu, ambaye sote tulimwita Gogo kama ilivyo desturi ya huku. Hatukumkuta. Yaya alieleza kwamba mwenye nyumba hutakiwa kutoka wateja wanapokuja kutazama, ili watu wasione haya kufungua makabati. Kweli ndivyo wanavyofanya madalali wote, kwa hiyo hatukuona ajabu.

Ndani kulinukia rangi mpya. Dari zilikuwa zile za mabati yaliyochongwa maua, na sakafu ya mbao ililia kidogo chini ya viatu. Binti yangu alikimbia chumba hadi chumba, akaishia kile cha nyuma kilichotazama mti wa ndimu.

"This one is mine, Ma," akasema. Nikimsemesha Kiswahili, hunijibu hivyo hivyo kila siku, kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akitaka kuniudhi.

Yaya akamkumbatia kichwa. "Tukipake rangi gani chumba cha malkia?" akamuuliza kwa Kiingereza.

"Yellow."

"Basi ni njano."

Ofa tuliijaza mezani kwetu, Jumamosi mchana, chai ya maziwa na maandazi katikati ya karatasi. Yaya alisoma kila kifungu na kututafsiria. Palikuwa na neno moja la Kiafrikana, voetstoots, ambalo alitueleza kwamba maana yake unachukua nyumba kama ilivyo, na kasoro zake. Hapo bwana yangu, ambaye kwa kawaida huongea tu akiombwa, akaweka kikombe chini.

"Mimi nataka kuwe na sharti," akasema. "Tuikague kwanza. Mkaguzi akikuta kasoro kubwa, tutoke bila kudaiwa kitu."

Mwenzake mmoja kazini alikuwa amenunua nyumba bila kuikagua, paa likamwangukia mvua za kwanza tu. Hilo lilimkaa kichwani.

Yaya akatabasamu. "Shemeji, benki imeshatuma mtu wake kuitathmini."

"Mtu wa benki alisimamisha gari nje, akapiga picha, akaondoka. Hata viatu hakuchafua."

"Gogo akiona masharti mengi, atampa mwingine. Kuna watu wanaitaka."

"Ampe," alisema bwana yangu.

Nilimtazama Yaya nikiogopa amekasirika. Aligeuzageuza kalamu. Kisha akaliandika sharti lile kwa mkono, maandishi yake mazuri ya mviringo: ofa yetu itasimama iwapo tutaridhika na ukaguzi wa nyumba uliofanywa na mtu tuliyemchagua wenyewe, ndani ya muda uliotajwa. Sote tukaweka herufi za majina yetu pembeni.

"Mmeona?" akasema. "Nimewalinda. Sasa msihangaike kutafuta mkaguzi. Hawa Wazungu watawatoza mpaka mlie. Nina mtu wetu, wa Lubumbashi, anajua nyumba za mji huu ndani na nje. Atawaeleza kwa Kiswahili, mtaelewa kila kitu."

Tulimshukuru. Bwana yangu hata alimsindikiza ngazi zote mpaka chini, akimbebea mkoba.

Siku ya ukaguzi bwana yangu alikuwa zamu, nikaenda mimi. Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mchangamfu, amevaa kizibao cha kung'aa na ana tochi kichwani kama mchimba madini. Yaya alitutambulisha. Gogo hakuwepo tena. Yaya alisema ameenda kwa jirani. Yule bwana alipanda ngazi akaingiza kichwa darini, akafungua bomba, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Nilikuwa nikimfuata nyuma, nikigonga nami mahali alipogonga, kana kwamba ukuta ungeniambia kitu.

Katika chumba cha nyuma palikuwa na kabati kubwa la mti mweusi limeegemea ukuta wa nje.

"Na nyuma ya hili?" nikauliza.

Akapitisha tochi kwenye upenyo. "Safi, mama. Hakuna unyevu, hakuna kitu. Hii nyumba nzima. Utazeekea humu."

Nilicheka kwa furaha. Yaya alinishika mkono akaufinya. Kabla hatujaondoka alinipa karatasi inayosema tumeridhika na ukaguzi, nikasaini juu ya boneti ya gari lake. Bwana yangu alisaini aliporudi kutoka kazini. Mwanasheria aliyekuwa akishughulikia kuhamisha hati akapelekewa, na kuanzia hapo tukawa tunasubiri tu.

Nilianza kushona mapazia. Wakati wa ukaguzi nilikuwa nimepima madirisha yote. Kwa chumba cha nyuma nilinunua kitambaa cha njano chenye ndege wadogo weupe. Nilikuwa nimekitandaza mezani pale kibandani alipoingia mteja wangu mmoja, mama wa Kirundi anayeuza nguo za mtumba upande wa pili wa barabara, amekuja kujaribu gauni la arusi ya mdogo wake. Nikiwa nimepiga magoti nabana pindo kwa pini, akauliza:

"Hii rido ni ya nani, nzuri hivi?"

"Ya binti yangu. Tunahamia nyumba."

"Mungu ni mwema. Wapi?"

Nikamtajia mtaa, nikamwelezea paa jekundu na mti wa ndimu. Nilihisi mwili wake umekaza ndani ya gauni.

"Ile ya bibi nesi?" akasema polepole. "Ile sisi tuliikimbia."

Niliinua uso. Alikuwa akinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko maneno yake.

Walikuwa wameipenda, yeye na mume wake, kabla yetu. Walileta mkaguzi wao, akawaambia chumba cha nyuma kinajitenga na nyumba. Bomba kuukuu la maji machafu limepasuka chini ya sakafu, udongo umelainika, msingi unazama. Ukuta wa nje ulikuwa na ufa unaoweza kuingiza vidole. Wao walikuwa na sharti kama letu, wakalitumia, wakajiondoa.

"Ufa gani?" nikasema. "Mimi nimeingia chumba kile. Hakuna ufa."

"Ulikuwepo, dada. Niliuona kwa macho yangu. Kama umezibwa, umezibwa."

Nilikuwa na swali moja tu, na nilikuwa sitaki kuliuliza.

"Dalali wenu alikuwa nani?"

"Si ndiye huyu huyu wenu," akasema. "Huyu dada yako. Alikuwa amesimama pale pale mkaguzi akitueleza."

Sikumbuki nilivyomaliza pindo. Nakumbuka nilijichoma pini na damu ikagusa kitambaa cha njano, nikakikunja haraka kana kwamba mtu angenigombeza.

Nilimpigia Yaya simu nikiwa bado kibandani. Nilijaribu kuongea kwa utani.

"Yaya, kuna mama wa Kirundi hapa anasema chumba cha nyuma kina ufa."

Alicheka. "Yule? Benki ilimkatalia, sasa ana wivu. Mudogo wangu, utamsikiliza yule uache kunisikiliza mimi? Mkaguzi si umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona."

"Basi. Shona mapazia yako."

Na ajabu ni kwamba kwa masaa machache nilitulia. Nilichagua kumwamini. Nilitembea kuelekea teksi nikijiambia kwamba wauza mitumba wana maneno mengi. Lakini nilipomsimulia bwana yangu jioni, hakusema neno la kumlaumu mtu. Alivua koti la kazi, akalitundika, akasema, "Kesho sina zamu. Twende kwa Gogo."

Yaya alikuwa ametukataza kwenda kwa Gogo bila yeye. Alisema ni kinyume cha taratibu, mnunuzi na muuzaji kukutana peke yao.

Gogo alikuwa mwembamba, mrefu, na nywele nyeupe zilizokatwa karibu na ngozi. Alitufungulia lango mwenyewe, akatukaribisha jikoni, akaweka birika. Tuliongea Kiingereza. Alionekana kufurahi kutuona, akasema alikuwa akijiuliza sisi ni watu wa namna gani, watu wanaokubali nyumba yenye shida yake wazi wazi bila kubishana.

Bwana yangu akauliza, kwa upole sana, "Shida gani, Gogo?"

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Ya chumba cha nyuma. Nilimwambia dada yenu siku ya kwanza. Wale wa kwanza walipojitoa nikamwambia tena, mwambie kila anayekuja, sitaki dhambi. Aliporudi kwangu alisema wanunuzi ni ndugu zake, wanajua yote, wana fundi wao, watakirekebisha wakiingia."

"Hakutuambia kitu," nikasema.

Gogo akaweka kikombe mezani. 

"Sasa ule ufa mlidhani ni nini?"

"Hatukuuona. Mkaguzi wetu hakuuona."

"Mkaguzi gani?"

Nikamweleza: mtu mnene, mchangamfu, wa kizibao cha kung'aa, anaongea lugha yetu.

Gogo alikisukuma kikombe kando. Kisha akasema, "Mwanangu, yule ndiye aliyenipakia rangi, na kabati la kule nyuma alilisogeza yeye. Dada yenu alimleta, akasema nyumba ikipakwa rangi inapendeza kwa wateja. Siku ile nilimwona kupitia uzio wa jirani akiingia na ngazi, nikadhani amekuja kumalizia."

Tulikwenda chumba cha nyuma sote watatu. Bwana yangu alilisukuma kabati. Halikuwa zito kama lilivyoonekana. Ukuta nyuma yake ulikuwa laini, mweupe, umepakwa vizuri. Akatoa funguo mfukoni, akakwaruza. Lipu ikatoka kama ukoko wa uji uliokauka, na chini yake kulikuwa na ufa, umejazwa saruji mbichimbichi na vipande vya gazeti. Ulianzia sakafuni ukapanda kuelekea dirishani. Bwana yangu alitoa gazeti kwa kidole, na hewa ya nje ikaingia. Nilisikia harufu ya majani ya ndimu.

Kitu kilichoniumiza hapo kilikuwa yule mtu wa Lubumbashi kunitazama usoni na kuniambia "safi, mama," kwa Kiswahili cha kwetu. Tulikuwa tumemchagua kwa sababu ya lugha. Tungedanganywa kwa Kiingereza, tungejiambia hatukuelewa.

Nilimfuata Yaya kwake Jumapili, baada ya ibada. Nilikwenda peke yangu. Alinipokea mlangoni akiwa bado na kitenge chake cha kanisani.

"Kaa kwanza," akasema. "Umekula?"

"Yaya, yule fundi wa rangi ndiye mkaguzi?"

Hakushtuka. Alikaa, akakunja mikono mapajani. "Anajua mambo ya nyumba."

"Alikagua ukuta aliouziba mwenyewe."

"Nyumba zote za Malvern zina nyufa. Hii yangu ina ufa, njoo nikuonyeshe."

"Sitaki kuonyeshwa ufa wako. Ulimwambia Gogo kwamba tunajua."

"Nilijua mtakubali. Ningewaambia, mngekimbia kama wale. Mngebaki kwenye lile ghorofa mpaka watoto wenu wazeeke. Nilipanga mkishaingia nilete fundi polepole, nilipe mimi mwenyewe."

"Chumba kile ni cha mtoto uliyemwogesha."

"Usimlete mtoto katika haya!"

Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. Alifunika uso kwa ncha ya kitenge. Alisema siku nyingi hajauza nyumba hata moja, kwamba pale ofisini wanamwangalia kama mtu aliyeingia kwa bahati mbaya, kwamba walikuwa wamempa onyo. Nilikuwa karibu kumshika bega. Mkono wangu ulikuwa tayari umeinuka. Ndipo akasema:

"Mgeni angenishtaki. Nikasema, wewe ni mdogo wangu. Hata ukijua, wewe utanielewa."

Mkono niliurudisha. Miaka yote ile, godoro, mahari, maji ya uvuguvugu kwenye beseni la mtoto, nilidhani ndiyo yangemzuia kunidhuru. Kumbe yeye aliyahesabu upande mwingine. Alinichagua mimi kwa sababu ya hayo hayo. Niliondoka bila kuaga, na yeye hakuniita.

Mwanasheria alitueleza hali yetu bila kutuficha. Sharti la ukaguzi lilikuwa mlango ulioachwa wazi kwa muda, akasema, na sisi wenyewe tumeufunga kwa saini zetu. Neno lile voetstoots halimkingi muuzaji anayeficha kasoro anayoijua, lakini Gogo hakuficha. Aliyeficha ni dalali. Tungeweza kwenda mahakamani na tungeweza kushinda, ila ni safari ndefu. Njia fupi ilikuwa moja, Gogo akubali kwa hiari yake kuuvunja mkataba.

Na Gogo alikuwa ameshafunga vyombo. Alikuwa anahamia kwa binti yake Randburg, magoti yake hayawezi tena ile nyumba. Binti huyo alikuja siku tuliyokutana jikoni, mwanamke wa ofisini, amechoka, na sikumlaumu kwa hasira yake.

"Mama, wamesaini," alisema. "Walikuwa na nafasi ya kukagua, wakamleta yule fundi wa rangi. Hilo si kosa lako."

Gogo alikuwa akimenya ndimu kwa kisu kidogo, bila sababu yoyote. "Nimefanya kazi wodi ya watoto maisha yangu yote," akasema. "Unataka nilaze mtoto chini ya ukuta ule?"

Binti yake alichukua funguo za gari lake. Gogo alisaini siku iliyofuata. Tulirudishiwa kilichokuwa chetu, isipokuwa gharama za wanasheria, na Gogo akabaki peke yake na maboksi yake katika nyumba ambayo haikuuzika. Nilikuwa nikipita Jumamosi kumpelekea mboga. Ilimchukua miezi mingi kabla ya kumpata mjenzi mmoja aliyeinunua kwa bei ya chini, akijua kila kitu, akabomoa chumba kile chote. Sikumsikia Gogo akilalamika, lakini alikuwa amekonda.

Tulipeleka malalamiko ofisini kwa Yaya. Hatukujibiwa barua ya maana, lakini baada ya muda sura yake ilitoweka kwenye mbao za Jules Street, akaja kijana mwingine mwenye tai. Kanisani walituita kikao. Pasta aliongea juu ya msamaha, na akina mama wengi walilia, kwa sababu Yaya alilia. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini nilipeleka mambo ya nyumbani kwa watu wa nje na kumkosesha dada yangu mkate. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kuniuliza juu ya ukuta. Hakuwepo. Tukahama kanisa.

Mwishowe tulihama Joubert Park pia. Tunapanga nyumba ndogo ya nyuma kwenye ua wa mtu, hapa hapa Malvern, na bado tunatafuta ya kwetu. Bwana yangu sasa humtafuta mkaguzi mwenyewe, mtu ambaye hatumjui na asiyetujua, na hulala chali chini ya sinki pamoja naye. Nyumba mbili tumeziacha hivyo. Binti yangu hachagui tena chumba. Anasimama sebuleni na simu yake, anasubiri tumalize.

Mwaka jana mama yangu alifariki Uvira. Sikuweza kwenda. Tuliweka matanga hapa Malvern, tukaondoa viti, tukatandika mikeka. Asubuhi ya pili lango lilifunguliwa, Yaya akaingia na sufuria mbili kubwa na gunia la unga. Hakuniuliza kama anaruhusiwa. Alifunga kitenge kiunoni, akaenda uani kuwasha moto, na kwa muda wote wa matanga alisonga bukari, ugali wetu, ya watu wote, akapika sombe ya majani ya muhogo, akapokea wageni, akamwambia kila aliyeingia nani wa kumpa pole kwanza. Usiku alilala mkekani kando yangu. Hapakuwa na mtu mwingine katika mji huu aliyeijua sauti ya mama yangu, aliyeweza kuniigizia jinsi alivyokuwa akiwaita wateja pale sokoni, mpaka nikacheka huku machozi yakitoka. Nilikula chakula chake. Nililia begani kwake. Nyumba ile haikutajwa.

Siku ya mwisho watu walipokwisha kuondoka, nilimkuta uani akisugua sufuria kwa mchanga. Nikachuchumaa nikasuuza alizokwisha kusugua. Tukazipanga ukutani moja baada ya nyingine. Mikono yake ilikuwa imezeeka.

"Mudogo wangu," akasema bila kuinua uso. "Wewe bado?"

Nilijua anauliza juu ya ukuta ule, kama nimeshamsamehe. Nilitafuta jibu jingine, kwa ajili ya mama, kwa ajili ya siku zile zilizopita, na kwa kweli nilitamani kulipata.

"Bado, Yaya," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akanipa sufuria nyingine.